Sijasema vibaya

"Na wewe ungeitikia hivyohivyo."

Maneno ya Da Mkubwa hayo, Jumapili usiku, na mpaka leo hayajanishuka. Nilikusudia niwaandikie habari za Ba Mdogo (katoka hospitali, anakula, kashaanza kugombana na watu, alhamdulillahi) na za ofisi yetu kuhamia jengo jipya huku wenzetu wengine wakiambiwa hawamo kwenye safari, lakini kila nikikaa kuandika narudi palepale.

Tulikuwa tunaangalia picha ya mwaka 1947, Out of the Past. Niliichagua mimi. Da Mkubwa hazitaki picha za zamani, anadai moshi wa sigara zao unamwasha koo hata kupitia kioo. Lakini tangu ahamie kwangu, na mliosoma zile za Ramadhani mnajua ilivyokuwa, kazoea kukaa nami sebuleni na kazi mkononi. Usiku ule alikuwa anachagua mchele. Akasema ataangalia kwa sikio tu. Haikupita robo saa, ungo ukawa chini.

Kwa asiyeijua: Jeff ana kituo cha mafuta Bridgeport, mji mdogo wa milimani huko California, na jina lake limeandikwa kwenye bango mbele ya kituo. Ana mchumba, Ann, binti mwema, ambaye wazazi wake hawamtaki mwanamume asiyejulikana alikotoka. Ana na kijana wa kazi, bubu tena kiziwi, wanaongea kwa ishara. Kijana huyo hata jina hakupewa, anaitwa Kijana basi. Siku moja linatokea jitu la mjini limevaa koti jeusi, Jeff anaitwa na tajiri fulani, na njiani usiku kwenda Ziwa Tahoe inabidi amweleze Ann yeye zamani alikuwa nani.

Zamani alikuwa mpelelezi wa kukodiwa. Tajiri mwenyewe, Whit, mcheza kamari (ni Kirk Douglas, bado kijana, anacheka kwa meno na macho hayamo), alipigwa risasi na mwanamke wake Kathie, na Kathie akatoweka na dola 40,000. Whit hakufa. Akamtuma Jeff amrudishie mwanamke, fedha zitafuata. Jeff akamfuatilia mpaka Mexico, mpaka Acapulco, akajikalia kwenye kibaa akingoja, siku zikapita, hadi mchana mmoja Kathie akaingia kutoka juani. Da Mkubwa akasema, "Kaisha huyo."

Na kweli kaisha. Usiku, ufukweni, kwenye nyavu za wavuvi zilizoanikwa, Kathie anamwapia kwamba fedha hakuchukua, anamwomba amwamini. Jeff anamjibu hajali. Anayecheza Jeff ni Robert Mitchum, ana macho kama mtu aliyeamshwa kula daku, na jibu hilo analitoa kivivu hivi, huku anamwinamia. Pale pale unajua kwamba anajua. Baadaye, wakiwa mafichoni, yule mwenzake Jeff wa upelelezi anawafumania, Kathie anamuua, anawasha gari na kuondoka, anamwachia Jeff maiti. Nyuma kinabaki kitabu cha benki. Ndani yake zimo dola 40,000.

Da Mkubwa akapiga kofi moja. "Hajali, eeh? Haya."

Katikati nakuruka, pana wakili na makaratasi ya kodi na kila nikifika hapo napotea. Mwisho wake ni huu. Kathie kashamuua na Whit pia, sasa anataka aondoke na Jeff. Jeff anakubali, ila kwanza, Kathie akiwa juu anafunga mizigo, anawapigia polisi simu. Barabarani wanakuta kizuizi. Kathie anaelewa papo hapo, anampiga Jeff risasi, polisi nao wanamimina zao. Stelingi kafa. Kisha tunarudi Bridgeport mchana kweupe, na Ann anamwendea yule Kijana. Anamwuliza: alikuwa anakwenda naye? Kijana anamtazama mdomo, anafikiri, anaitikia kwa kichwa. Basi. Ann anageuka kwenda kwa Jim, anayempenda tangu utotoni, na Kijana anainua macho kwenye lile bango la Jeff na kulipigia saluti ndogo.

Nikasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayejivunia chaguo lake: "Umeona? Kamjibu vile ili asibaki analilia marehemu maisha yake yote."

"Nimeona."

"Kamfungulia njia."

Da Mkubwa akauinua ungo wake, akautikisa. "Na wewe ungeitikia hivyohivyo."

"Kwani vibaya?"

"Sijasema vibaya."

Akaenda zake jikoni.

Ni hayo tu. Mnaweza kusema mbona dogo, na mimi nimejiambia hivyo. Jumatatu nikayachukulia kama sifa, nikapanda bajaji nimejaa tele, najiona mtu wa siri za watu. Kufika mchana nikakumbuka kwamba aliyasema ameinama, na Da Mkubwa akimsifu mtu humkazia macho mpaka anayesifiwa aone haya. Halafu kile kimya baada ya "nimeona." Mtu aliyependa mwisho wa picha hasemi "nimeona" akanyamaza. Na mbona alingoja mpaka niseme la pili ndiyo ajibu? Kama angejibu mara ya kwanza ningejua amejibia picha.

Mnajua ninaogopa nini. Lile swali aliloniuliza stendi siku anafika na mabegi yake, la Shemeji, na jinsi nilivyomjibu bila kufungua mdomo. Nililiandika hapahapa, wengine mkaniunga mkono, wengine mkanisema mpaka nikazima simu. Sirudii. Tangu siku ile mimi na yeye hatujalitaja, tumeishi vizuri, tunagawana kodi ya nyumba na gesi. Nilidhani limekwisha.

Jumanne nikakasirika. Kama anajua, aseme. Mtu mzima hapitishi neno lake kwenye picha ya Wamarekani waliokufa zamani. Na kwa kuwa nikikasirika huwa naandaa hotuba, hii niliiandaa nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta ya ofisini, jedwali la mishahara limefunguka na mimi silioni.

Hotuba ilikuwa hivi. Da Mkubwa, zile picha hazikuwa huru. Tangu 1934 pale Hollywood palikuwa na ofisi ya Joseph Breen, na studio kubwa haikutoa picha bila muhuri wake. Hadithi ilisomwa kabla ya kupigwa, kifungu kwa kifungu. Mhalifu asishinde. Dhambi isionekane tamu mpaka mwisho, lazima ilipwe. Kwa hiyo Kathie alihukumiwa kabla kamera haijawashwa, na Jeff naye, maana alifukia maiti na kunyamaza. Ndiyo maana picha za namna ile zinakwenda na ubaridi wake. Watu wanapendana, wanakumbatiana, na mtazamaji wa mwaka 1947 anajua hesabu itakavyofungwa. Lakini kile kichwa cha Kijana hakikuagizwa na kanuni yoyote. Hakuna aliyedai Ann adanganywe, wala aambiwe kweli. Waandishi wangeweza kumwacha alie kaburini, na muhuri ungegongwa vilevile. Kwa hiyo, Da Mkubwa, katika picha nzima ya watu wanaouana kwa fedha, huruma imetoka kwa yule asiyesikia wala kusema, na wewe unaninunia kwa sababu yake?

Hotuba nzuri. Sikuitoa. Kila nikifika kwenye "unaninunia" namsikia akisema: sijasema vibaya.

Jioni nikairudia picha peke yangu, sauti chini, yeye kalala. Mara hii sikufuata hadithi, nilitazama giza. Aliyeipiga ni Nicholas Musuraca, na mtu huyu alikuwa bahili wa taa. Uso unawashwa upande mmoja, upande wa pili unaachiwa ukuta. Bridgeport imepigwa kwenye jua na mto na anga. Kila zamani inapoingia, kivuli kinaingia nayo, mpaka mwishowe hata kwenye miti ya Bridgeport mchana watu wanasimama kizani. Mwongozaji, Jacques Tourneur, alikuwa mzaliwa wa Paris, na ni hukohuko Paris mwaka 1946, filamu za Kimarekani zilizozuiwa wakati wa vita zilipoingia kwa mkupuo, ndipo wahakiki walipoziona zimebadilika na kuziita nyeusi. Waliotoka kwenye utawala wa Wajerumani, wenye majirani waliochongeana na majirani waliofichana, waliwatambua haraka watu hawa wenye jambo nyuma yao.

Na Jane Greer, yule Kathie. Alipokuwa msichana nusu ya uso wake ilipooza, akaurudisha kwa mazoezi, msuli mmoja mmoja. Nikijua hilo namtazama tofauti. Anapodanganya hakuna kinachocheza usoni. Kijana anapodanganya, kama kadanganya, unaona koo linapanda.

Nikalala na huzuni isiyo na jina.

Jumatano asubuhi nikasema kutoka mlangoni, "Da Mkubwa, sukari imekwisha." Kimya. Kisha kutoka jikoni ikaja sauti nzito, ya puani, nachungulia nakuta kashusha kope nusu na mwiko umening'inia mdomoni badala ya sigara: "Sijali mie, mpenzi."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Tangu hapo nyumba haina raha, ina Mitchum. Gesi inakaribia kwisha: sijali mie. Mwenye nyumba kapiga simu: sijali mie, mpenzi. Nikamwambia mwenyewe aliyesema hivyo alikamatwa na bangi mwaka 1948, akafungwa mwaka uliofuata, watu wakadhani kazi imekufa na haikufa. Akanitazama na zile kope. Mnajua amesema nini. Alipiga simu kwa Ba Mdogo kumjulia hali, Ba Mdogo akaanza kulalamika uji hauna chumvi, akamjibu hivyohivyo, na sasa Ba Mdogo anauliza ukoo mzima Mwanangu Mkubwa ana mpenzi gani.

Sijamwona akicheka hivi tangu stendi. Hilo nalo niliandike.

Jana usiku yeye mwenyewe akasema, "Hebu niwekee pale mwisho." Nikaweka. Akasogea karibu na kioo, mikono nyuma, kama anakagua kitambaa dukani. Ann akauliza. Kijana akaitikia. Saluti.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Sasa huyu kadanganya nini?" akasema. "Anaulizwa alikuwa anakwenda naye? Si alikuwa anakwenda naye? Gari moja, barabara moja."

"Lakini alishawaita polisi."

"Kijana anajua? Alikuwepo huko ziwani? Simu aliisikia?"

Nikataka kusema hata angekuwepo asingeisikia, nikaona si mahali pake. Na ni kweli. Nimeiangalia picha hii miaka, nimesoma waliyoiandikia, na muda wote nilimchukulia yule Kijana kama mwongo mwenye huruma. Inawezekana kajibu anachokiamini. Inawezekana pia kajibu neno kwa neno na kumwachia Ann aelewe atakavyo. Saluti ndiyo inayonisumbua: humpigii saluti mtu aliyekutoroka na muuaji. Nikamwambia hivyo.

"Labda," akasema. "Au anampenda tu. Mtu humpenda mtu na anajua kaondoka na nani."

Nikangoja. Nilikuwa tayari, niliweka hata kidhibiti chini. Kama alikuwa na la stendi, mlango ulikuwa wazi kabisa, kimebaki kuingia.

"Zima," akasema, "umeme wenyewe unakwenda haraka."

Na hapo, wapendwa, kanikumbusha jambo ambalo ndilo kubwa hasa na sijui kwa nini sikuanza nalo. Umeme uko sawa. Maji ndiyo. Nimefunga bomba zote, la uani, la chooni, la jikoni, nimeziba na ile ya tangi, na mita bado inazunguka. Polepole, lakini inazunguka. Bili ya mwezi uliopita nilidhani ni wageni wa matanga. Fundi kaja leo, kainama, kaweka sikio sakafuni, kasema bomba limepasuka chini ya jiko na itabidi avunje vigae. Vile vigae vyangu vya kijani, mnavikumbuka. Nimemwuliza ana hakika ni chini ya jiko na si uani, kasema akishavunja ndiyo atajua. Anakuja kesho baada ya swala ya Ijumaa. Kama kuna anayemfahamu fundi bomba wa hapa Tanga anayetafuta kwanza na kuvunja baadaye, aniandikie usiku huuhuu, sitalala mapema.