Picha Ikikatika Kila Mvua Inyeshapo Kisumu

Wingu zito likitanda kutoka ziwani mwendo wa saa kumi jioni, dekoda ya DStv huandika E48-32, yaani haipati mawimbi, na skrini hubaki tupu. Kabla hujampigia fundi, tazama saa. Picha ikirudi muda mfupi baada ya mvua kupungua, hakuna kilichoharibika. Mawimbi ya setilaiti, ya gigahezi 11 hadi 12 hivi, hunyonywa na kutawanywa na matone mazito ya mvua. Usipande juu kugeuza dishi. Ukilihamisha, hata jua likiwaka hutapata kitu.

Picha ikigoma mpaka kesho yake jua lipige, shuku maji kwenye konekta, kile kiungo cha waya huko kwenye dishi. Kisumu iko longitudo 34.75 hivi, karibu na ikweta, na setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, yaani karibu utosini. Dishi hutazama juu kama karai, na LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, huliinamia, mgongo wake ukipigwa na mvua. Chomoa dekoda kwenye umeme kwanza, kwa sababu waya ya dishi hubeba volti 13 au 18. Fungua konekta. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, au nyuzi za nje zimekuwa nyeusi, kata nyuma mpaka ufikie waya inayong'aa, uweke konekta mpya. Zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukianzia chini kupanda, mizunguko ipishane kama mabati ya paa. Tepu nyeusi ya mafundi wa umeme huachia upesi juani. Chini ya konekta acha waya ilegee kama kitanzi ili maji yadondokee hapo.

Picha ikiganda kwa manyunyu tu, usiisingizie mvua: yamkini dishi limehama. Dishi la sentimita 60 likikosea kwa digrii moja na nusu hivi hupoteza kama nusu ya nguvu. Siku kavu hutagundua, kumbe akiba ya kuvumilia mvua imeshakwisha. Lirekebishe kukiwa kukavu, mtu mmoja akikusomea kwenye menyu mstari wa ubora wa mawimbi, si wa nguvu. Legeza nati kidogo, sukuma kwa unene wa ukucha, kisha subiri sekunde tano kwa sababu dekoda huchelewa kuonyesha. Ubora ukifika kileleni, zungusha LNB kidogo kwenye kishikio chake uone kama ubora utaongezeka. Kaza nati kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo. Ukimaliza upande mmoja kwanza, dishi huvutwa na kazi yote inaharibika.

Dishi la sentimita 90 lina eneo mara 2.25 ya lile la 60, kwa hiyo hukatika kwa muda mfupi zaidi. Lakini shabaha yake ni nyembamba, na mlingoti unaotikisika kwa upepo wa ziwa haulifai.

Kabla radi hazijaanza, chomoa plagi ya umeme pamoja na waya ya dishi. Ukichomoa plagi peke yake, ile waya bado ni njia ya radi kuingia kwenye dekoda.