Nyumba Isiyo na Jiko

Tulitoka Aurora asubuhi, mimi na wifi yangu, tukafika Breckenridge, mji wa milimani hukuhuku Colorado, Marekani, kabla ya adhuhuri. Maegesho ya gari peke yake yalikula hela ya unga wa wiki nzima. Supu, bakuli dogo kama la mtoto, dola 14. Wifi alilalamika njia nzima mpaka mlangoni kwa Barney Ford, Mweusi wa zamani aliyetajirika kwa migahawa, ambaye nyumba yake sasa ni makumbusho.

Ni nyumba ya mbao iliyojengwa mwaka 1882. Mwenyewe alizaliwa mtumwa huko Virginia mwaka 1822, akatoroka. Alipokuja huku mara ya kwanza, mwaka 1860, kutafuta dhahabu, alifukuzwa machimboni, kwani Mweusi hakuruhusiwa kuandikisha eneo la kuchimba kwa jina lake. Kilima cha machimbo hayo kikabandikwa tusi la rangi yake, na tusi hilo likabaki kwenye ramani hadi mwaka 1964, ndipo kikaitwa kwa jina lake. Habari hiyo niliisoma mara mbili, koo limenikauka.

Hapo ndipo kizunguzungu kiliponikamata. Mji uko karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Kichwa kinagonga, miguu imelegea, nikakaa sakafuni. Mzee wa Kizungu anayewaongoza wageni akaniletea maji, akaendelea kunisimulia polepole huku nimeegemea ukuta. Akasema nyumba hii ilijengwa bila jiko.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nyumba ya mtu aliyetajirika kwa kupika? Akanieleza kwamba mgahawa wa Ford ulikuwa hapo jirani, familia ikila hukohuko.

Mama yangu ni mama lishe, Tabora. Ametulea kwa wali maharage. Masufuria ya biashara yalirudi nyumbani kila jioni, na mahali alipolala mama palikuwa hatua tatu kutoka kwenye mafiga. Nguo zake zote zinanukia moshi, hata kitenge cha sikukuu. Nikawa naikagua ile sebule, nikimfikiria Julia, mke wa Ford, akiketi jioni pasipo chungu cha kuchungulia.

Na moto walikuwa wanaujua. Aprili 1863, kabla ya nyumba hii, moto uliunguza katikati ya mji wa Denver, biashara ya Ford ya huko nayo ikateketea. Alikopa dola 9,000 kwa mwenye benki, Luther Kountze, kwa riba ya asilimia 25! Akajenga mgahawa kwa matofali Mtaa wa Blake, akafungua Agosti ileile, na deni akalimaliza.

Banda la mama liliungua nikiwa darasa la sita. Asubuhi tuliokota sufuria moja, mfuniko umeyeyuka na kugandana nayo. Mama alizunguka kutafuta mkopo hadi kandambili zikakatika. Walioliinua banda lile ni wanawake wenzake wa upatu, waliompa zamu isiyokuwa yake.

Safari ya kurudi siikumbuki sana, nililala. Saa tatu usiku, kwao kumepambazuka, nikampigia mama. Nilimsikia akipuliza mkaa. Nikamweleza yote, akanyamaza kidogo.

"Sasa mwanangu, mtoto akiamka usiku anataka uji, waliukorogea wapi?"

Nikamwambia sikuuliza.

"Rudi ukaulize," akasema, akaendelea kupuliza.