Matundu Mawili ya Pini

Bibi yangu alikuwa akiidai barua moja maisha yake yote. Alisimulia kwamba mwaka 1961, alipokuja "yule Mzungu wa kuuliza habari za mwambao", babu na wenziwe walikaa kwenye daka la nyumba yetu mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, wakaandika barua kwa khati za Kiarabu, wakaitia saini na kuipeleka kwa DC, mkuu wa wilaya. Babu alifariki kabla sijazaliwa, na barua hakuna aliyeiona tena.

Mzungu mwenyewe hakuwa mgumu kumpata. Ni Sir James Robertson, kamishna aliyechunguza hatima ya ule ukanda wa maili kumi ambao tangu 1895 ulitawaliwa na Waingereza huku ukihesabiwa kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar. Ripoti yake ilitoka Desemba 1961, ikapendekeza mwambao uunganishwe na Kenya. Mkataba ukatiwa saini London tarehe 8 Oktoba 1963, na miezi miwili baadaye tukaingia uhuru pamoja na wenzetu wa bara. Hayo yote yamo vitabuni. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa historia, nina tasnifu ya kuandika, na nilichotaka ni kusikia watu wa Amu, yaani Lamu, wenyewe walisema nini.

Aprili 2011 nikarudi nyumbani likizo. Siku mbili nzima nilishinda maktaba iliyo ndani ya Ngome. (Ngome ile ilikuwa jela tangu 1910 hadi 1984, na ukikaa mle muda mrefu unaanza kuamini kwamba hukuja kwa hiari yako.) Kila kitabu nilifungua faharasa nyuma nikatafuta neno "Lamu". Milango ya nakshi nilipata, majahazi nilipata, punda nilipata mpaka nikachoka nao. Barua za 1961 sikupata hata harufu.

Siku ya tatu mvua ya masika ilinifukuza mapema. Ilipokatika nikakaa Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, na wazee wanywao kahawa. Kando yangu alikuwapo mzee mmoja mwembamba, koti juu ya kikoi, ambaye nilimjua kwa sura tu.

"Sabalkheri, ami," nikamwamkia.

"Sabalkheri. Wasaka n'ni humo ndani? Mui mzima wakuona wangia na kutoka."

Nikamweleza. Akacheka, akatia kikombe chake chini. Kumbe alikuwa karani wa ofisi ya DC tangu kijana hadi alipostaafu.

"Wewe wasaka habari," akasema. "Karatasi hazipangwi kwa habari. Zapangwa kwa ofisi. Uliza kwanza: nani kaandika, na kampelekea nani?"

Akachovya kidole katika kahawa iliyomwagika kwenye sinia, akachora. Doa la kwanza Amu. La pili Mombasa, kwa PC, mkuu wa mkoa. La tatu Nairobi. La nne, mbali kidogo pembeni mwa sinia, London. Kisha akarudi akachora la tano peke yake, Unguja, kwa sababu Liwali alikuwa mtu wa Sultani na barua zake zilikuwa na njia yake. Yeye mwenyewe, akasema, alipiga taipu kwa karatasi za kaboni: nakala ya juu iende kwa mkubwa, ya chini ibaki failini. Kwa hiyo barua moja ina makao mawili, na mkubwa akimwandikia mkubwa wake, yanakuwa matatu. Mchwa wakila ya Amu, kaitafute ya Mombasa.

Nikatoa daftari. Kwa saa nzima mzee yule alinifundisha nisichofundishwa muhula mzima. Nianze na ripoti za mwaka za wilaya, kisha zile ripoti ambazo DC anayeondoka humwandikia anayeingia, maana humo, akasema, Mzungu alisema kweli: nani mkorofi, nani wa kusikilizwa, shauri gani limelala. Na nising'ang'anie tahajia moja. Waingereza wa kale waliandika Lamoo, Pate wakaiita Patta, Siyu ikawa Siu. Faza utaikuta pia kwa jina la Rasini.

"Na zingine hutazipata," akaongeza, sauti ameishusha ingawa wazee wote walikuwa wakisikiliza redio. "Mwaka wa uhuru kulikuwa na mafaili tusiyoruhusiwa kugusa sisi weusi. Yalitiwa sandukuni. Siyui yalikwenda wapi."

Siku zile zile redio ilikuwa ikieleza kesi ya wazee wa Mau Mau huko London. Serikali ya Uingereza ilikuwa imekiri kwamba ilihamisha mafaili ya Kenya kabla ya uhuru, yapatayo 1,500, na kuyaficha miaka yote hiyo. Tangu 2012 yalianza kufunguliwa katika hifadhi ya taifa ya Uingereza kule Kew, chini ya alama FCO 141. Lakini pale Mkunguni mwaka 2011 mzee hakushtuka. Alisema tu, "Haya, nimekwambia," akaagiza kahawa nyingine.

Mwezi Mei nikavuka Mokowe nikapanda basi. Tulikwama kwenye matope kabla ya Garsen tukashuka kusukuma, na suruali niliyoiweka kwa ajili ya Nairobi ikaishia hapo. Nyaraka za Taifa zimo katika jengo lililokuwa benki, Moi Avenue, pale ambapo Nairobi nzima huahidiana kukutana nje na wachache huingia ndani. Niliingia. Sikuomba "Lamu". Niliomba mafaili ya PC wa Pwani, ya miaka ninayoitaka, nikasoma kwa penseli mkononi, ukurasa baada ya ukurasa wa bei za kopra na ukarabati wa gati.

Siku ya nne nikaifikia karatasi nyembamba ya taipu. Mistari mitatu tu: DC wa Lamu anamletea PC maombi ya wakazi kadhaa wa mji, yameandikwa Kiarabu, yameambatishwa, tafadhali yafikishwe yanakohusika. Chini yake hapakuwa na kitu. Pembeni juu palikuwa na matundu mawili ya pini na duara la kutu. Ilikuwa imefikishwa.

Nikatoka nje nikampigia bibi. Nikamweleza pole pole kwamba barua ilipita Mombasa, kwamba yawezekana iko Unguja au London, kwamba karatasi iliyoisindikiza nimeishika kwa mikono yangu.

Akanyamaza kidogo.

"Tarehe ya n'ngapi?"

Nikamsomea.

"Wa'mecheleweshea siku tisa," akasema bibi. "Babuyo aliwapa Ijumaa."