Pampu ya joto: ninunue au nisinunue? Kumbukumbu ya wiki sita

Wiki ya 1. Boila yetu ya gesi, mtambo unaopasha moto maji ya kutia nyumba joto, imefikisha miaka 17, na fundi anasema haina msimu mwingine mrefu mbele yake. Kwa hiyo silinganishi bei ya pampu ya joto, mashine ya umeme inayoweza kuchukua nafasi ya boila, na sifuri. Boila mpya nitailipia hata nikikataa pampu, basi ninachotafuta ni iwapo tofauti ya bei kati ya hizo mbili itarudi kabla mashine haijachakaa. Nimejipa miaka 15.

Wiki ya 2. Fundi amependekeza pampu ya kilowati 12, kwa kukadiria ukubwa wa nyumba. Sikuridhika. Usiku wa baridi kali, nje ikiwa nyuzi 4 chini ya sifuri, nilisoma mita ya gesi, nikairudia baada ya saa 24: mita za ujazo 13. Mita moja ya ujazo ina takriban uniti (kilowati-saa) 10.5 za nishati, na boila hupoteza kama sehemu moja ya kumi. Inabaki joto la uniti 123 kwa siku, yaani wastani wa kilowati 5 na kidogo. Hapo maji ya kuoga yamo.

Kilowati 12! Pampu kubwa kupita kiasi huwaka na kuzima kila mara. Inakula umeme zaidi na kompresa inachoka mapema. Ya kilowati 6 au 7 inanitosha, na bei yake ni nafuu. Nashukuru nilitoka na tochi usiku ule.

Wiki ya 3 na ya 4. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, na naamini ndipo uamuzi wote ulipo. Pampu haitengenezi joto. Inalihamisha kutoka hewa ya nje hadi ndani, kama friji iliyogeuzwa. Kadiri maji ya rejeta (mabamba ya ukutani yanayotoa joto vyumbani) yanavyohitaji kuwa ya moto, ndivyo inavyopanda mlima mrefu zaidi, yaani inakula umeme zaidi kwa joto lilelile.

Msimu mzima tunachoma mita za ujazo 1,200, ambazo ni uniti 12,600 za gesi, na joto linaloingia vyumbani ni kama uniti 11,340. Kwetu uniti ya umeme ina bei mara 3.1 ya uniti ya gesi. Nikiweka maji nyuzi 45, nakadiria kila uniti ya umeme italeta 3.2 za joto: umeme uniti 3,540, na gharama inashuka asilimia 13 chini ya gesi. Nikilazimika kupeleka maji nyuzi 55, nakadiria 2.5 tu, na gharama inapanda kuliko gesi kwa zaidi ya asilimia 11. Mashine ni ileile na nyumba ni ileile.

Swali likawa: je, rejeta zetu zinatosha kwa maji ya nyuzi 45? Rejeta iliyotoa wati 1,000 kwa maji ya nyuzi 70 hutoa chini ya nusu kwa 45. Jibu la hili halihitaji pampu. Nilishusha boila ya sasa hadi 45, nikaiacha iwake mchana na usiku bila kuzimwa, nikaweka kipimajoto kila chumba.

Wiki ya 5. Sebule nyuzi 20.5. Jikoni 20. Chumba chetu 19. Chumba cha watoto, kilichoko pembeni chenye kuta mbili za nje, kiligoma kwenye 16.5. Mke wangu akawahamishia watoto chumbani kwetu kwa siku nne, nami nikaziba mianya ya dirisha: kikafika 17.5.

Wiki ya 6. Nimeamua kununua, lakini baada ya rejeta ya chumba kile kubadilishwa iwe ya paneli mbili. Nimemwandikia fundi anipe bei ya pampu ya kilowati 6, na aniandikie kwamba ataipanga kwa maji ya nyuzi 45. Jumamosi napima ukuta chini ya dirisha la watoto.