Mnyororo wa punda Bagamoyo

Jumamosi nilimpeleka mama Bagamoyo. Yeye ni mzaliwa wa Kilema, kule Kilimanjaro, kila siku anasema wamisionari "walikuja kwetu", kana kwamba walishuka moja kwa moja juu ya mlima. Nikamwambia leo utaona walikopitia.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Zanzibar 1863, wakavuka Bagamoyo 1868. Kilema walifika 1890, na baadaye wakapanda kahawa huko. Mama akanikatiza: "Kahawa hiyo ndiyo iliyokusomesha, mwanangu." Sina ubishi.

Penye misheni kuna mbuyu ambao zamani alifungwa punda. Mnyororo haukutolewa, mti ukanenepa ukaumeza. Siku hizi kimebaki kipande kidogo tu kimechomoza kwenye gome. Mama alikigusa kwa kidole, akakaa kimya muda mrefu kuliko alivyokaa kanisani.

Makaburi ya wamisionari yalinigusa zaidi. Wengi walikufa vijana kabisa, malaria haikuwaonea huruma.

Ila nina neno. Tunasifu, kwa haki, kwamba waliwakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Lakini wale watoto waliokombolewa walipangiwa kila kitu: saa ya sala, saa ya jembe, hata ndoa. Majina yao niliyatafuta pale makaburini, sikuyaona kama ya mapadre. Nilipomwambia mama, akasema: "Nao ndio waliolima."

Tukala pweza ufukweni, tukarudi Dar na foleni yetu ya Tegeta.