Nilifukia mabua, mahindi yakawa njano

Msimu wangu wa kwanza kwenye kaekari kamoja nje ya mji wa Kasulu nilijiona mjanja. Majirani walichoma mabua. Mimi niliyakatakata nikayafukia, na wiki moja baadaye, mvua za Novemba zikiwa zimeshika, nikapanda. Nilisema yataoza, mbolea ya bure.

Mahindi yalipofika magotini yakaanza umanjano, majani ya chini kwanza, kuanzia nchani kushuka katikati ya jani. Ya jirani aliyechoma yalikuwa kijani kibichi. Iliniuma.

Bibi shamba akachimba pembeni ya shina, akatoa kipande cha bua kikiwa bado kigumu. "Kaka, wadudu wa kwenye udongo wamekula kabla ya mahindi yako."

Akanifafanulia. Bakteria na kuvu wanaoozesha mabua nao huhitaji naitrojeni, kirutubisho kile kile kinachoyapa mahindi ukijani, ili wajenge miili yao. Mabua makavu yana kaboni karibu sehemu 60 kwa naitrojeni 1, wakati wao wanataka kama 25 kwa 1. Kinachopelea wanakichota kwenye udongo, na mizizi haiwawezi kwa kasi. Chakula kikiwaishia wanakufa, naitrojeni ya miilini mwao inatoka ikiwa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza nitriti, jingine nitrati, na hiyo ndiyo mahindi hunyonya kwa wingi. Kwa hiyo naitrojeni haikupotea, ilikopwa tu. Ila mahindi hayana subira ya mkopeshaji. Nikanunua urea, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, nikaokoa kiasi.

Mwaka uliofuata sikufukia kitu kikavu. Baada ya kuvuna nilirundika mabua chini ya migomba, tabaka la mabua, la samadi ya mbuzi, la alizeti pori mbichi inayojiotea kando ya barabara, nikamwagia maji ya kuoshea vyombo. Nilichomeka fimbo katikati ya lundo. Siku ya tano nikaichomoa, haishikiki kwa moto. Nikawa nageuza kila baada ya wiki mbili, kazi ya kuvunja mgongo hasa. Kufikia Oktoba mabua hayakutambulika, mboji nyeusi inanukia msitu.

Shambani nilichanganya mahindi na maharage pia. Vinundu vya mizizini nilivipasua, ndani vyekundu, maana bakteria wake walikuwa kazini, wakinasa naitrojeni ya hewani. Lakini nisidanganye: naitrojeni nyingi ya maharage huondoka na punje tunazokula, mahindi ya pembeni hupata kidogo.

Mwaka huu jirani hakuchoma. Kaniletea mabua yake yote, kwa sharti nimrudishie matoroli matatu ya mboji.