Siku moja maabarani, na alama niliyoikuta kwenye karatasi tupu

Saa 11:30 alfajiri

Nimeamka kabla ya kengele ya simu. Leo ndiyo siku ya kuzitia dawa karatasi zangu, nimezingoja wiki tatu. Nasoma shahada ya uzamili ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, na sayansi ya uchunguzi wa jinai, na tasnifu yangu inauliza swali moja: karatasi iliyoshikwa na mtu ikilowa maji, alama za vidole zinabaki kwa kiasi gani? Nafikiria barua iliyotupwa mtoni, risiti iliyonyeshewa, daftari lililookolewa kwenye moto uliozimwa kwa maji.

Saa 2 asubuhi

Mlangoni mwa maabara kwanza ni kitabu: jina, saa, sababu ya kuingia. Kisha koti, barakoa, glovu jozi mbili. Bahasha zangu ziko kabatini, kila moja imefungwa kwa utepe, na sahihi yangu imeanzia juu ya utepe ikaishia kwenye bahasha, ili utepe ukibanduliwa ijulikane. Najaza fomu ya mwenendo wa kielelezo: nani amekitoa, nani amekipokea, saa ngapi, kikiwa katika hali gani. Karatasi hizi ni za utafiti, hakuna mtu atakayefungwa kwa ajili yake, lakini tunazijazia fomu kana kwamba zinakwenda mahakamani. Kielelezo kikikosa maandishi ya dakika kumi tu, wakili hana haja ya kuigusa sayansi yako. Atauliza dakika hizo kumi kilikuwa wapi, basi.

Karatasi ni 24. Watu watano waliojitolea walishika nne nne: moja ikabaki kavu, nyingine zikakaa majini dakika 1, dakika 10 na dakika 60. Nne za mwisho ni tupu. Hazikutakiwa kuguswa na mtu yeyote, ila zimepitia kila hatua pamoja na wenzake. Kwenye bahasha hakuna majina, ni namba tu. Waliojitolea walitia saini ridhaa, na hilo silichukulii kirahisi: nywila ikivuja utaibadilisha, kidole utakibadilishaje?

Saa 3 asubuhi

Dawa yenyewe ni ninhidrini. Jasho la kidole huacha amino asidi kwenye karatasi, nazo hung'ang'ania nyuzi zake na zinaweza kukaa humo miaka mingi. Ninhidrini ikikutana nazo hutoa rangi ya zambarau. Siegfried Ruhemann aliigundua mwaka 1910, lakini ilibidi kusubiri hadi 1954 ndipo Svante Odén na Bengt von Hofsten wa Sweden wakapendekeza itumike kutafuta alama za vidole. Ukiigusa bila glovu, ngozi yako nayo hugeuka zambarau, na sabuni haisaidii.

Nachovya karatasi moja moja chini ya kabati la kufyonza hewa, naziacha zikauke, kisha naziingiza kwenye kabati la joto: nyuzi joto 80 za Selsiasi, unyevunyevu takribani asilimia 65. Natazama kupitia kioo. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu kwenye karatasi namba 7, iliyobaki kavu, kunatokea doa la waridi, mtu angedhani ni kivuli. Doa linakolea, linagawanyika, na ghafla ni mistari: inazunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo, na juu ya kila mstari kuna vijitundu vya jasho vimejipanga kama mishono ya cherehani. Mtu huyu alishika karatasi sekunde mbili, wiki tatu zilizopita. Nimeliona jambo hili mara nyingi na bado huwa nasahau kupumua.

Zilizokaa majini dakika 60 zina ukungu hafifu tu. Ndivyo inavyotarajiwa, kwa sababu amino asidi huyeyuka majini na kinachobaki zaidi ni mafuta, ambayo hutafutwa kwa dawa nyingine. Mimi nataka kujua zile za dakika 1.

Saa 5 asubuhi

Karatasi namba 22. Tupu. Iliyokaa majini dakika 1.

Kwenye pembe ya chini kulia kuna alama.

Moyo ukanipiga paa. Natoa lenzi. Upana wake ni kama milimita nane, mistari inaonekana vizuri upande mmoja, upande wa pili imefifia, na katikati umepita mstari mweupe mwembamba unaoikata yote kwa mshazari, kama kovu. Nina kovu la mshazari kwenye kidole gumba cha kulia.

Karatasi tupu ikitoa alama, kundi zima linatiliwa shaka. Ndiyo kazi yake. Polisi wa Ujerumani walimtafuta kwa miaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilikutwa kwenye matukio takribani 40, hadi Austria na Ufaransa, likiwemo la kuuawa kwa askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika kwamba vinasaba vile vilitoka kwenye pamba zenyewe za kuchukulia sampuli, vya mwanamke aliyekuwa kwenye kazi ya kuzifungasha. Mhalifu waliyemsaka hakuwahi kuwepo. Nilipoisoma kesi hiyo mara ya kwanza nilijiuliza watu wenye akili zao walikosaje kuliona. Leo naelewa zaidi.

Saa 6 mchana

"Dokta, kundi zima limeharibika," namwambia msimamizi wangu. "Nadhani alama ni yangu. Nilizifungasha mwenyewe."

Haangalii karatasi, ananiangalia mimi. "Umejuaje ni yako?"

"Kuna kovu."

"Kovu uliliona kabla ya kufikiri ni yako, au baada?"

Nikanyamaza, kwa kuwa jibu la kweli ni kwamba sikumbuki.

Hakuwa ananitega. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni mjini Madrid, wataalamu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walisema alama iliyokutwa huko ni ya Brandon Mayfield, wakili wa Oregon. Haikuwa yake. Polisi wa Uhispania waliipata kwa mtu mwingine, raia wa Algeria. Miaka miwili baadaye mtafiti wa saikolojia Itiel Dror na wenzake waliwachukua wataalamu watano wazoefu, wakampa kila mmoja jozi ya alama ambayo yeye mwenyewe aliwahi kusema inalingana, lakini wakamwambia hii ndiyo jozi ya kosa la Madrid. Wanne wakabadilisha jibu. Jicho lao lilikuwa lilelile na wino uleule. Kilichobadilika ni walichoambiwa kabla ya kutazama.

Basi Dokta akaamua: picha ya alama apewe mwenzangu wa darasa, pamoja na alama za waliojitolea na za sisi sote tunaoingia maabara, zote kwa namba. Orodha ya namba abaki nayo yeye. Na mimi nisiseme neno.

Saa 8 mchana

Semina ya kriminolojia. Nimeingia kichwa kikiwa bado maabarani, lakini mada ikanirudisha: Cesare Lombroso, aliyeandika mwaka 1876 kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu, na kwamba utamtambua kwa taya, masikio na fuvu. Alipima wafungwa wengi. Kasoro yake kubwa ni ulinganisho: hakuwapima watu huru kwa uangalifu uleule. Charles Goring alikuja kuwalinganisha wafungwa takribani 3,000 wa Uingereza na wanafunzi, askari na wengine, akachapisha mwaka 1913 kwamba sura ile ya mhalifu haipo. Kwa lugha ya maabara, Lombroso alikosa karatasi tupu. Nilisema hivyo darasani na mjadala ukachukua nusu saa. Wapo wanaodhani kozi hii ni mbili zilizofungwa kamba, jamii upande huu na kemia upande ule. Siwaelewi.

Saa 10 jioni

Mahakama ya mazoezi. Mimi ni shahidi mtaalamu wa vinasaba, na kila mtu alidhani nitabanwa na wakili wa utetezi. Aliyenibana ni mwendesha mashtaka, yaani aliyeniita.

"Umesema vinasaba hivi hupatikana kwa mtu mmoja kati ya milioni moja. Kwa hiyo mshtakiwa ana nafasi moja tu katika milioni ya kuwa hana hatia, sivyo?"

Anatabasamu, anataka niseme ndiyo. Na sentensi inateleza vizuri sikioni.

"Hapana, Mheshimiwa," namgeukia hakimu. "Takwimu hiyo inasema mtu asiyehusika, akiokotwa tu, ana nafasi moja katika milioni ya kulingana. Katika jiji la watu milioni kumi tutarajie kama watu kumi wa namna hiyo. Nani kati yao alifanya, vinasaba peke yake havisemi."

Sally Clark alihukumiwa Uingereza mwaka 1999 kwa kuua watoto wake wawili, baada ya baraza la mahakama kuambiwa kwamba vifo viwili vya ghafla vya watoto katika familia kama yake hutokea mara moja katika milioni 73. Kifo kimoja kilihesabiwa mara moja katika 8,543, na namba hiyo ya milioni 73 ilipatikana kwa kuzidisha 8,543 kwa yenyewe, kana kwamba kifo cha pili hakiwezi kuwa na uhusiano wowote na cha kwanza. Aliachiwa mwaka 2003. Akafariki 2007. Siwezi kuisimulia kesi hii haraka haraka, na sipendi inaposimuliwa hivyo.

Saa 12:30 jioni

Mwenzangu amemaliza. Ametumia saa nne, ameweka alama ya kalamu kwenye kila mahali mstari unapokatika au kugawanyika, na amepata sehemu sita tu anazoziamini.

"Nimewaondoa wote isipokuwa wawili," anasema. "Kati ya hao wawili sina cha kutosha. Upande uliofifia ndio ungenisaidia."

Dokta anafungua orodha. Mmoja wa wale wawili ni mimi. Wa pili ni mmoja wa waliojitolea.

Mwenzangu ananitazama. Moyoni najua ni yangu. Najua hata lini, jioni ile nilipokuwa nafungua pakiti mpya ya karatasi. Tena alama ina ukali ambao nisingeutarajia kwa kitu kilichokwisha kulowa, kwa hiyo huenda iliingia baada ya maji, wakati wa kukausha, na siyo jioni ile kabisa. Unaona? Tayari nina hadithi mbili, na zote mbili nimezitunga mwenyewe.

Saa 3 usiku

Nimetenga pakiti mpya itakayofunguliwa kwa glovu kuanzia kwenye karatasi yake ya nje, mbele ya shahidi. Wiki tatu zinaanza upya kesho. Halafu nimeandika kwenye daftari la maabara, kwa wino, saa na sahihi:

"Karatasi 22, tupu: alama moja, pembe ya chini kulia. Chanzo hakikuthibitishwa. Matokeo ya karatasi zote 24 hayatatumika."